Kijiti Hakina Masikio

Harufu ndiyo iliyompokea Inspekta mlangoni mwa wodi ya watoto, kabla ya salamu ya muuguzi na kabla ya kiti. Ilikuwa harufu ya matapishi yaliyofutwa kwa dawa ya sakafu, kisha yakatapikwa mengine juu ya dawa, kisha yakafutwa tena. Na chini yake ilikuwapo harufu nyingine, nyembamba, kama ya kitunguu saumu kilichooza, ambayo hakuweza kutambua ilikotoka. Alitoa leso, akaitazama, akairudisha mfukoni. Watoto walikuwa wakiivuta harufu ile bila leso; yeye ni nani hata azibe pua?

Walilala wawili wawili kitandani, wote wa makao mamoja ya yatima yaliyoko ukingoni mwa mji. Mmoja alikwisha kuzikwa: yule mdogo kuliko wote, ambaye wenzake walimwita Kitindamimba. Karibu na dirisha alilala peke yake msichana mkubwa wao, kiranja wa makao, na kwa cheo hicho ndivyo kila mtu alivyomwita. Vidole vyake vilikuwa vikitetemeka juu ya shuka kana kwamba vinatafuta uzi uliopotea.

Daktari alimwongoza Inspekta hadi dirishani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho mekundu ya kukesha, na hakuwa na muda wa kupamba maneno.

"Si kipindupindu," alisema. "Siku ya kwanza nilidhani hivyo, nikakosea. Ni sumu. Sasa mimi nina sumu mbili kichwani na dawa mbili kabatini. Hii inatibu dawa za kunyunyizia mashambani. Hii nyingine inatibu sumu za madini. Figo za msichana huyu zimechoka. Nikimpa isiyo yake nitakuwa nimemmaliza kwa mkono wangu."

"Na hiyo harufu ya kitunguu?"

"Inatoka vinywani mwao. Madini fulani hunuka hivyo, na dawa za mashambani nazo hunuka hivyo hivyo. Hainisaidii."

"Maabara?"

"Majibu yatakuja. Yeye hatayangoja."

Inspekta alimtazama Kiranja. Midomo ya msichana ilikuwa imepasuka kama tope lililokauka. "Unataka nini kwangu, Daktari?"

"Jina. Si la mtu, la sumu. Mtu wako utamkamata kwa wakati wako."

Kituoni, Sajenti alikuwa na mtu tayari, na alimpokea mkubwa wake kwa uso wa mwindaji aliyerudi na paa begani. Alikuwa amemweka ndani mpishi wa makao yale, mama wa makamo, kwa ushahidi wa aina mbili: kwanza, alikuwa mzima wa afya, pili, stoo ya jikoni kwake ilikutwa na pakiti ya sumu ya panya.

"Mpishi mzima, walaji wagonjwa," Sajenti alisema. "Hesabu hiyo, afande, hata mtoto wa chekechea anaijumlisha."

Inspekta aliomba kuiona pakiti. Aliigeuza mwangani, akaupitisha ukucha kwenye mshono wake. Gundi ya kiwandani ilikuwa haijaguswa. Akamwuliza Sajenti kama mlinzi wa makao naye aliugua. La, hakuugua. Na mwalimu anayekuja jioni? Mzima kabisa. Nao hula wapi? Hula hapo hapo, afande, chakula kile kile. Basi Inspekta aliirudisha pakiti mezani polepole, akataka kujua kama hao nao walisaidia kupika, na Sajenti akaona kuna jambo la kutazama nje ya dirisha.

Mpishi aliletwa peku, kama walivyo mahabusu wote, kwa sababu viatu na mikanda hubaki kwenye rafu ya kaunta. Aliketi akaivuta kanga yake ikafunika vidole vya miguu.

"Mwanangu," alimwambia Inspekta, "panya wa stoo ile wamenenepa kunishinda mimi. Ningekuwa nimeifungua hiyo dawa, si wangekuwa wameshakufa?"

Sajenti alikohoa. Inspekta hakucheka, ingawa kona moja ya mdomo wake ilitaka. Alimwuliza mama yule watoto walikula nini, akajibiwa. Waliokula walikuwa kina nani, akajibiwa. Kisha akamwuliza swali ambalo, kama alivyolalamika mpishi baadaye, hakuna aliyekuwa ameliuliza tangu afungiwe: watoto walikunywa nini.

Jibu lilikuwa jepesi. Jikoni waliendelea kutumia maji ya mapipa, yale yaletwayo na lori, kwa kuwa bomba la kisima kipya lilikuwa halijafika huko. Bomba lilikuwa limeishia bwenini. Watu wa nje walikula na kunywa jikoni kisha wakaenda makwao. Watoto walikula jikoni na kunywa bwenini.

"Kisima kipya tangu lini?"

"Juzi juzi tu. Hata sherehe yake vyombo sijamaliza kurudisha kwa wenyewe."

Inspekta aliinuka. Alimtazama Sajenti kwa utulivu ambao vijana wa kituo kile waliuogopa kuliko matusi. Mtu mmoja, alisema, anaishi ndani ya ua wa makao, analala ndani, anaoga ndani, na hakuugua. Wakamwone huyo.

Mkurugenzi wa makao aliishi katika nyumba mpya nyuma ya ua wa maua, na ofisi yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo. Alinukia. Baada ya wodi, manukato yale yalimkaa Inspekta kooni kama mafuta ya taa. Mkurugenzi aliwaita marehemu na wagonjwa "wanangu", tena kila alipotaja neno hilo aliweka kiganja kifuani na kukiondoa upesi, kama mtu anayebandua stempu. Alihuzunika mno kuhusu mpishi. Aliyemlea ndiye aliyemgeuka. Lakini ndiyo dunia, mfadhili mbuzi, binadamu hana fadhila.

Ukutani zilitundikwa picha za kisima. Inspekta alizisogelea, mikono mgongoni, kama alivyozoea kufanya asije akashika kitu. Katika ya kwanza alisimama mzee mrefu, kidevu juu, ameshika kijiti chenye panda kwa mikono miwili, nacho kimeinama kuelekea ardhini. Nyuma yake watoto walitazama kwa vinywa wazi. Katika ya pili Kiranja alikuwa ameinua kikombe mbele ya pampu, akicheka, maji yakimtiririka kidevuni.

"Huyo ni Mzee Mkondo," Mkurugenzi alieleza. "Anatafuta maji kwa kijiti. Hajawahi kukosa. Na huyo binti nilimpa heshima ya kunywa kikombe cha kwanza."

"Hamkumwita mtaalamu wa miamba?"

"Tulimwita, bwana. Akaja na mashine na nyaya zake, akasema maji mazuri yako hapa." Mkurugenzi aliashiria nje, kwenye uwanja mdogo wa nyasi mbele ya dirisha la chumba chake cha kulala. "Hebu fikiria mwenyewe. Alfajiri watoto na ndoo zao, kelele, tope, makamasi, hapa hapa kichwani pangu. Nikasema tutafute maoni ya pili. Kijiti kikachagua kule pembeni, nyuma ya bweni. Sasa nani abishane na kijiti?"

Alicheka kidogo. Inspekta aliutazama mdomo ule ukicheka, akahisi mate yakimjaa kinywani, mate mabaya, ya mtu aliyeuma tunda akakuta funza nusu. Aliyameza. Aliuliza kwa nini tangi la nyumba hii bado linajazwa na lori ilhali kisima kipo. Mkurugenzi alisema ni mazoea tu.

Kabla ya kutoka, Inspekta aliirudia picha ya kwanza. Ardhi ilikuwa kavu, imepasuka. Vumbi lilikuwa limeyapaka magoti ya watoto. Mzee Mkondo alikuwa amevaa shati jeupe, suruali iliyopigwa pasi, na mabuti ya mpira, meusi, yanayofika magotini.

Katika ukame ule, mabuti ya mvua ya nini? Hakumwuliza Mkurugenzi. Alimwagiza Sajenti aufunge mfereji wa bwenini na aweke askari pampuni, kisha wakaenda kwa mzee.

Mzee Mkondo alikuwa na chumba na sebule katika nyumba ya kupanga, naye alifurahi kupata wageni kama mtu ambaye kwa muda mrefu mlango wake umegongwa na mdai kodi peke yake. Inspekta alimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia "Marahaba, mjukuu wangu" kwa sauti ya kutosha majirani wasikie kwamba hata polisi humwamkia. Sajenti alipewa kigoda. Inspekta alipewa kiti chenye mgongo.

Sebule nzima ilikuwa ni yeye. Mzee na kijiti shambani kwa mtu. Mzee na kijiti mbele ya msikiti, mbele ya kanisa, kwenye kiwanja cha matofali. Mzee kijana, mzee mtu mzima, mzee mzee. Kila mahali panda lilikuwa limeinama, na kila mahali alikuwa peku.

"Watu hudhani ni kijiti," alisema. "Kijiti ni mkalimani tu. Maji yanazungumza na nyayo." Na ili asidhaniwe kusema uongo, akaunyanyua mguu wake akauweka juu ya meza ya chai, kando ya sukari, akawaonyesha wayo. Ulikuwa mpana, wa kijivu, umechanika kisigino kama ganda la mti, na katika nyufa zake kulikuwa na uchafu wa miaka. Inspekta alikitazama kikombe alichotengewa, akakisogeza mbali kwa kidole kimoja.

Mzee hakuona. Alikuwa amekwisha kushika njia. Kijiti, alisema, sharti kikatwe kwenye mti ulio hai na kitumike kabla majani hayajanyauka. Mtafutaji asiwe amekula. Asivae saa. Na nyayo ziwe wazi, kwa maana mwenye viatu katika kazi hii ni kama kiziwi aliyeitwa kuamua ugomvi. Malipo akipewa atashukuru, lakini haki yake isiyojadiliwa ni moja: kikombe cha kwanza cha kila kisima ni chake. Hata mkuu wa wilaya aliwahi kusubiri zamu.

"Kila kisima?" Inspekta aliuliza.

"Kila kisima. Anayeonyesha ndiye anayeonja. Bila hivyo watu watakuaminije?"

"Kazi hii uliianza ujanani?"

Kabla ya hii alikuwa akichunga, alisema, halafu akaajiriwa na watu wa mifugo, kazi za kijana asiye na kisomo, hazina maana. Lakini jicho la Inspekta lilikwisha kufika kwenye picha ndogo iliyochomekwa pembeni mwa kioo, rangi yake imegeuka ya chai. Vijana wawili waliofanana walisimama kando ya mfereji wa saruji. Pembe za ng'ombe zilijitokeza ndani ya mfereji, vichwa juu, kama watu wanaoogelea. Wote wawili walikuwa wamevaa mabuti ya mpira.

"Huyu wa kushoto ni nani, mzee?"

"Kaka yangu. Marehemu."

Akaichomoa picha kiooni, akaitia mfukoni mwa shati, akauliza kama chai haikuwa na sukari ya kutosha.

Inspekta alisema chai ilikuwa nzuri. Akasema pia kwamba angependa sana, kwa kuwa yeye ni mtu wa kuona ndipo aamini, mzee awafanyie kazi yake mbele ya macho yao, sasa hivi, gari lipo. Uso wa mzee uling'aa. Aliingia ndani kubadili shati. Alipopita tena sebuleni, akiwa peku na tayari kabisa, aliuliza ni shamba la nani, akaambiwa ni kule makao ya watoto.

Alisimama. Kisha akarudi chumbani, na kupitia pazia Inspekta alimwona akipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akavuta mabuti.

Pembe ile nyuma ya bweni ilikuwa na umbo la mahali palipokataliwa. Kote uani nyasi kavu zilishika ardhi hata kama zilikuwa za njano; hapa hapakuwa na kitu, ila udongo mtupu wa rangi ya majivu, mrefu na mwembamba kama kaburi la nyoka mkubwa, na katikati yake pampu mpya iliyopakwa rangi ya buluu, shada la karatasi la sherehe bado limening'inia shingoni mwake. Mkurugenzi alikuja mbio akiuliza kama kuna ruhusa ya maandishi. Inspekta alimpita.

Njiani mzee alikuwa amekata kijiti kibichi, kwa heshima ya kazi. Inspekta alimsimamisha mahali nyasi zinapokoma.

"Tuonyeshe, mzee. Kama siku ile."

Mzee aliinua panda, akafumba macho.

"Vua mabuti kwanza," Inspekta alisema.

Macho yalifumbuka. "Siku ile niliyavaa."

"Najua. Nimekuona ukutani. Na kwako nimekuona kila mahali bila viatu: shambani, kanisani, msikitini. Ulivaa mabuti mahali pawili tu maishani. Pale penye ng'ombe, na hapa. Sasa mwenye viatu ni kiziwi, umesema mwenyewe. Vua, tusikie maji yanasemaje."

"Miiba, mjukuu wangu."

"Hapa hapaoti hata mwiba."

Sajenti, ambaye tangu asubuhi alikuwa akitafuta pa kujikomboa, alichuchumaa mbele ya mzee kumsaidia kuvua. Mkono wake ulipogusa buti, mzee aliuondoa mguu kwa nguvu nusura aanguke, akamshika Inspekta bega. Kijiti kilikuwa kimeanguka kwenye udongo ule wa majivu, na hakuinama kukiokota.

"Siwezi," alisema. "Ardhi hii inakula nyayo."

Mkurugenzi alianza kusema kwamba mzee amechoka, na Inspekta akainua kiganja bila kumtazama.

Basi mzee alisema, na alisema akiitazama pampu. Hapa palikuwa josho. Ng'ombe wa bonde zima waliogeshwa hapa kwa dawa ya kuua kupe, yeye na kaka yake wakiwa washika lango. Mabuti yalikuwa jozi moja tu yasiyovuja, nayo kwa kuwa yeye ndiye mdogo, kaka yake alimwachia. Kaka alivaa yaliyotoboka, na yalipochakaa kabisa akafanya kazi ndani ya maji yale kwa miguu mitupu. Nyayo zake ziliota magamba, magamba yakawa vidonda, vidonda vikanuka, na alipokufa hata nzi walikuwa na hiari ya kuja au kutokuja. Baadaye mfereji ukafukiwa, na madebe ya dawa yaliyosalia yakafukiwa ndani yake.

"Dawa hiyo iliitwaje?" Inspekta aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Ilikuwa unga mweupe."

"Jina, mzee. Yuko mtoto hospitalini anangoja jina."

Mzee alifumba macho, safari hii kweli, kama mtu anayesoma kibao kilichoko mbali. "Bwana mifugo alikuwa akisema arseniki. Tusilambe vidole, arseniki."

Inspekta aligeuza kichwa tu, na Sajenti alikuwa tayari amepiga simu, akilitamka neno lile kwa Daktari silabi kwa silabi, akilirudia, kisha akasema, "Ndiyo, mama, ya josho, ndiyo, nina hakika," kwa sauti ambayo haikuwa na majivuno hata chembe.

"Mkurugenzi alijua?" Inspekta alimwuliza mzee.

"Nilimwambia. Siku aliyonileta nilimwambia, hapa palikuwa josho, bwana, tutafute pengine. Akasema mvua za miaka yote hiyo zimeosha. Akasema ataniandikia kibao getini: Mtaalamu wa Maji, na jina langu." Akaonyesha kwa mkono upande wa getini. "Tangu mashine zije hakuna aliyeniita."

"Nawe ukaamini kwamba mvua zimeosha."

Mzee aliyatazama mabuti yake.

"Na kikombe cha kwanza? Haki yako isiyojadiliwa?"

"Nilisema wapewe watoto, kwa baraka."

Inspekta aligeuka kando, akatema mate. Katika utumishi wake wote hakuwahi kutema mbele ya watu. Alilelewa kuliona jambo hilo kuwa la washenzi. Lakini kinywa kilikuwa kimejaa tena, na safari hii hakikumezeka. Alikuwa amekutana na wauaji walioua kwa wivu, kwa njaa, kwa pombe, na kwa kila mmoja wao alikuwa ameona walau kona ndogo ya ubinadamu pa kusimamia wakati wa kuandika maelezo. Hapa alitafuta, akakosa. Mtu alijua sumu, akailinda miguu yake, akamwachia kikombe msichana aliyekuwa akicheka.

"Mimi naona mnanionea," Mkurugenzi alisema. Alikuwa amepata pumzi. "Mimi si mtaalamu wa maji. Sikuchagua mahali. Kijiti ndicho kilichochagua, watoto wote waliona, picha ziko ukutani. Kama kuna kosa ni la kijiti."

Inspekta alikiokota kijiti kwa ncha za leso yake. Majani yake yalikuwa bado mabichi. Alikishika mbele ya uso wa Mkurugenzi, karibu, mpaka yale manukato yakamfikia.

"Kijiti hakina masikio," alisema. "Kiliambiwa hapa palikuwa josho, hakikusikia. Wewe uliambiwa, ukasikia. Kisha ukaenda kulala kwa raha kwa sababu hapatakuwa na makamasi dirishani pako. Sajenti, mchukue huyu. Mzee atapanda mbele."

Mkurugenzi aliomba kwanza akafunge nyumba. Alikataliwa.

Simu ya Daktari ilifika kituoni jua likielekea kushuka. Hakuahidi kitu, hakuwa mtu wa ahadi. Dawa ilikuwa imeingia, alisema, na figo zimekubali kuamka kidogo. Wale watoto wengine watanusurika. Kiranja alikuwa amekunywa maji, na maji yametulia tumboni. Akasema asante, akakata.

Mpishi alikuwa ameitwa kaunta kupewa vitu vyake. Alisimama peku kwenye saruji, mkono mmoja umeshika kanga, akisubiri askari wa zamu atafute. Inspekta alimwambia kwa maneno machache kwamba yuko huru na kwamba jeshi linamwomba radhi. Sajenti, pembeni, aliongeza la kwake, nusu yake ikipotelea kwenye kola.

"Na Kiranja?" mpishi aliuliza.

"Amekunywa maji, yametulia."

"Maji ya wapi?"

Inspekta alifungua mdomo kujibu, akaona kwamba hajui. Alinyanyua simu ya kaunta, akapiga wodini, akamwuliza muuguzi, akangoja aende akaulize. Ndipo akaweka simu chini. "Ya chupa. Yamechemshwa kwanza."

Mpishi aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akapokea ndara zake kutoka rafuni. Alizipangusa kwa upindo wa kanga, moja moja, bila haraka, kabla ya kuzivaa.

Mzee Mkondo alikuwa nyuma yake katika foleni, yeye akingoja kuingizwa mahabusu. Alikuwa ameandikisha maelezo yake yote, akatia kidole gumba kwenye wino na kwenye karatasi, na njia nzima alikuwa akisema kwamba yeye ni mzee, kwamba alimwambia, kwamba kila mtu ni shahidi alimwambia. Askari wa zamu hakuyasikia hayo, wala hakujua lolote kuhusu josho. Alikuwa kijana mpya, mwenye kufuata kanuni. Alipiga kaunta kwa kalamu.

"Mkanda," alisema. "Na viatu, babu. Huku ndani hatuingii na viatu."

Mzee alimtazama Inspekta.

Inspekta alikuwa ameshafungua mlango wa nje, na alikuwa akivuta hewa ya barabarani kwa nguvu kama mtu aliyetoka chini ya maji. Aligeuka. Aliona kisigino kile cha kijivu kikichomoka ndani ya buti, kikasita juu ya saruji, kikajaribu kwanza kwa vidole, kana kwamba sakafu nayo ina la kusema.

"Fuata kanuni," alimwambia askari, akatoka.